Meno Yangu Yamebaki Mavroneri

Sehemu ya Tano

Jumapili iliyopita mliniacha nimelala chali kwenye kiti cha daktari wa meno, mdomo wazi, macho yamenitoka, nikiangalia kulabu ya chuma darini. Mmeniandikia wengi kuuliza kulabu ile ilikuwa na nini. Nitasema. Ila kwanza niwakumbushe walioingia leo, maana aibu kama yangu ukiianzia katikati utadhani nilikuwa na akili mwanzoni.

Mimi ni Loizos, mwoka mikate wa Nikosia, upande wa kusini. Kijiji nilichozaliwa, Mavroneri, kiko kaskazini, ng'ambo ya seng'enge inayokata kisiwa chetu cha Kupro vipande viwili. Tulikimbia mwaka 1974 jeshi la Uturuki lilipoingia. Nilikuwa na miaka kumi na minane, nimevaa viatu viwili visivyolingana.

Mwaka 2003 vizuizi vilipofunguliwa na watu wakaanza kuvuka kwa kuonyesha kitambulisho, mimi nilikula kiapo kanisani. Sitamwonyesha mtu yeyote kitambulisho ili niingie kijijini kwangu mwenyewe. Na jina jipya walilokibandika kijiji sitalisoma, sitalisikia, sitalitamka. Watu walilia. Wiki hiyohiyo mikate yangu ilianza kuisha kabla ya saa tatu asubuhi.

Sikupanga iwe hivyo, lakini kiapo kile kiliuza mikate kuliko ufuta. Nikaandika juu ya mlango: MIKATE YA MAVRONERI. Wakanichagua Mwenyekiti wa Chama cha Waliohamishwa. Nami kwa kiburi nikaanzisha desturi: kila Julai, kwenye siku ya kumbukumbu, Mwenyekiti husoma kwa sauti majina ya wanachama walioonekana wakivuka. Aliyesomwa haruhusiwi kukanyaga dukani kwangu. Wateja walipungua mwaka hadi mwaka, ni kweli, lakini waliobaki walinunua kwa hasira.

Mwezi uliopita nikavunja meno kwa mkate wangu mwenyewe, ule mkavu. Daktari wa kusini aliponitajia bei nilimwomba kiti nikae, ilhali nilikuwa nimekaa. Kudret, fundi wa oveni yangu, Mturuki wa Kupro anayevuka kila asubuhi kuja kusaka yuro, akaninong'oneza kwamba kwao ni robo ya bei, kwa sababu lira yao inaporomoka kila wanapoamka. "Asubuhi kipimo, alasiri meno," akasema. "Waingereza wanakuja na ndege kwa ajili hiyo."

Nikamdanganya mke wangu Maroulla kwamba nakwenda kwa daktari wa Limasoli. Nikalala nyuma ya gari la Kudret, chini ya magunia ya unga. Kizuizini nilitoa mkono wenye kitambulisho nikiwa nimefumba macho, naye Kudret akakionyesha. Kiapo kilisema sitamwonyesha mtu. Hakikusema lolote kuhusu Kudret.

Alinipeleka mahali panapoitwa Karasu. Kwa vile nilikuwa nimeapa kutolijua jina jipya la kijiji changu, sikulijua. Nilishuka na kofia usoni, nikaingia ndani mbiombio, nikajitupa kitini. Ndipo nikatazama juu.

Kulabu ile aliipigilia marehemu baba, kutundikia nyama ya moshi kila Krismasi. Imepinda upande wa kushoto, kwa sababu nikiwa na miaka tisa niliidandia nikaning'inia. Kovu ninalo hadi leo.

Nilikuwa nang'olewa masalio ya meno katika chumba nilichozaliwa.

"Panua, ami," akasema Daktari Nevzat. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu, mpole, mwenye Kigiriki cha kueleweka na mikono inayonukia karafuu. "Zaidi. Hivyohivyo. Umewahi kufika kijijini kwetu?"

Mdomo ulikuwa umejaa udongo wa kuchukulia kipimo. "Mmh," nikasema.

"Pazuri, eh? Nyumba ya zamani hii. Kuta zake hazipitishi joto. Sijui walizijengaje watu wale."

Babu yangu alizijenga kwa matofali ya udongo na majani makavu, na nilitamani sana kumwambia. "Mmm! Mmm-mmh!"

"Kabisa, ami," akasema daktari. "Hata mimi nasema hivyo siku zote."

Mara akaingia mama yake na sinia ya kahawa. Bi Emine, bibi wa miaka themanini na nne, kitambaa cheupe kichwani, miguu mizito, macho kama ya afisa wa forodha. Aliweka sinia. Akanitazama. Akazunguka kiti, akanitazama upande wa pili.

"Geuka," akasema.

Alizungumza Kigiriki cha Pafo, cha kale, kile ambacho vijana wa Pafo wenyewe wamekisahau. Pafo, huku kwetu kusini, ndiko alikotoka yeye, akaletwa kaskazini kwa lori mwaka 1975 Waturuki wa kusini walipohamishwa, na godoro moja.

"Mama, mwache mgonjwa," akasema Nevzat.

"Mgonjwa gani? Huyu ni mwenye nyumba."

"Mama!"

"Masikio hayo nimeyapangusa vumbi miaka arobaini na saba, sasa nisiyajue?"

Akatoka, akarudi na picha kwenye fremu. Mimi, nina miaka kumi na minne, nimesimama kati ya baba na mama, masikio yametangulia mbele ya familia. Tuliiacha ukutani. Yeye hakuitoa.

Nililia, ndugu wasomaji. Ukilia na udongo wa kipimo mdomoni, pua ndiyo inafanya kazi yote, na si jambo la kupendeza kutazama. Daktari alinifuta kwa karatasi huku akiomba nisitikise taya, la sivyo tungeanza upya.

Kipimo kikakauka, Nevzat akaenda nacho chumba cha pili, kilichokuwa zizi la mbuzi wetu, kutengeneza meno. Mimi na Bi Emine tukakaa na kahawa. Hakuniuliza siasa. Aliuliza kama mtini wa nyuma ya msikiti wa kijiji chake bado upo. Nikasema sijui. Akaniletea kisahani cha jozi za sukari, kokwa zile zinazochemshwa zikiwa changa, akaniambia ninyonye polepole kwa kuwa kutafuna siwezi.

Nikanyonya. Karafuu mbili, na kipande cha lozi kimefichwa katikati. Duniani nilijua mkono mmoja tu unaoficha lozi namna ile: wa Maroulla wangu. Nikajiambia ni uchungu wa nyumbani unanichezea ulimi.

"Umejifunza kwa nani hizi?" nikauliza kwa ufizi mtupu.

"Mimi sikujifunza. Mimi nimefundisha," akasema Bi Emine, akabadilisha mazungumzo.

Alasiri meno yakawa tayari. Nevzat aliyasukuma mahali pake, akanipa kioo. Wasomaji, nilirudi kuwa na miaka hamsini! Niliuma hewa. Nikasema maneno yenye sauti ngumu moja baada ya jingine, yote yakatoka safi.

"Bei gani, daktari?"

"Bei?" Akacheka. "Ami, nikutoze chini ya dari ya baba yako? Nitalala vipi usiku?"

Nusura nimbusu. Midomo nilikuwa nimeshaichongoa. Kisha Mwenyekiti aliyemo ndani yangu akaamka.

"Hapana," nikasema. "Ukinipa bure, hiyo itakuwa kodi ya nyumba."

"Kodi?"

"Kodi. Mwenye nyumba akipokea kodi, amemkubali mpangaji. Nikikubali meno haya, nimekubali yote yaliyotokea tangu 1974."

Nevzat akamtazama mama yake. Mama yake akatazama kahawa.

"Basi lipa, ami. Sitaki ugomvi."

"Nitalipa. Utanipa risiti?"

"Lazima. Ni sheria."

"Risiti yenye muhuri wa nani?"

Akajifanya anapanga vifaa. "Wa serikali."

"Serikali ipi?"

"Ami, tafadhali, usianze."

"Mimi sijaanza! Nikipokea risiti yenye muhuri ule, nimeitambua serikali isiyotambuliwa na dunia nzima ila Uturuki! Tena kwa meno!"

"Kwa hiyo bure hutaki na kulipa hutaki."

"Sawasawa."

"Angalau yanafanya kazi," akasema Nevzat, akinitazama mdomoni. "Herufi zote zinatoka."

Bi Emine akagonga sinia. "Alete mikate! Si ni mwoka mikate? Alete mikate, achukue meno. Kwetu Pafo tulifanya hivyo na watu hatukufa."

Hata mimi niliona pale pana njia. Lakini nilipokwishaanza nilikuwa siwezi kusimama, ni ugonjwa wetu sote kisiwani. "Mikate ikivuka kizuizi inaandikiwa hati," nikasema. "Na hati itauliza imetoka wapi kwenda wapi."

"Andika imetoka kwenye oveni inakwenda tumboni," akasema Nevzat. Sasa na yeye alikuwa amepandisha mori. "Mnajua tatizo lenu nyie? Mnakuja huku mnajaza mafuta, mnanunua dawa, mnatengeneza miwani, mnakula samaki, halafu mkirudi mnasema hamjawahi kufika!"

"Na nyie mnakuja kwetu kununua nguo za watoto na kujenga maghorofa yetu, jioni mnarudi chini ya bendera kubwa mliyoichora mlimani!"

"Ile bendera sikuichora mimi!"

"Na kiapo changu hukula wewe!"

Hapo ndipo nilipofanya lile ninalolijutia hadi ninapoandika haya. Nilitia vidole mdomoni, nikavua meno, ya juu na ya chini, nikayaweka juu ya kitambaa cha sinia.

"Yatabaki hapa," nikasema, na nusu ya maneno ilikuwa mate, "mpaka lipatikane suluhisho la kudumu la suala la Kupro!"

Nikatoka kwa mlango wa mbele wa nyumba yetu nikiwa nimesimama wima. Nyuma yangu nikamsikia Nevzat akisema kwa uchovu, "Mama, mazungumzo yamevunjika tena."

Kudret alikuwa akinisubiri chini ya mlimau wa mama yangu, anavuta sigara. Akanitazama mashavu.

"Yako wapi?"

"Nimeyaacha. Kwa ajili ya taifa."

"Taifa lina meno tayari, Loizos," akasema Kudret. "Ingia garini."

Njiani akasema lazima ajaze mafuta kabla ya kuvuka. Kituo kilikuwa mita mia tatu kutoka kizuizini na foleni ilifika barabarani, magari matano katika kila sita yakiwa na namba za kusini. Watu wamevaa kofia kubwa, miwani myeusi, barakoa za tangu korona. Hapana aliyemtazama jirani yake. Nilizama chini ya magunia.

Joto la Julai, ndugu zangu, si la kukaa chini ya magunia ya unga. Nikatoa kichwa nivute pumzi mara moja tu. Dirisha la gari la pembeni likashuka wakati huohuo, kwa sababu hiyohiyo.

Alikuwa Foivos. Foivos ni kumbare wangu, yaani ndiye aliyenisimamia harusi, na ndiye Makamu Mwenyekiti wa chama. Mpira wa mafuta ulikuwa umeingia kwenye gari lake, na buti lilikuwa na madumu matatu.

"Mwenyekiti?"

"Makamu?"

Pampu ikaendelea kuhesabu. Wa kwanza kupata akili alikuwa yeye. Akachomoa daftari mfukoni.

"Nimekuja kuandika majina ya wasaliti," akasema.

"Mimi pia," nikasema. Kudret, Mungu ambariki, akanipenyezea kalamu na kipande cha mfuko wa unga.

Tukaandikana.

Kisha Foivos akainamia dirisha langu, akaninusa, akanichungulia mdomoni, na tabasamu likamtanda usoni polepole. "Kumbare, meno yako wapi?"

Nikaziba mdomo kwa kiganja.

"Basi sikia. Orodha ya Jumapili hii, siku ya kumbukumbu, naitayarisha mimi, wewe unaisoma tu. Jina lako litakuwa la mwisho. Ukifika hapo, ama ulisome mwenyewe mbele ya watu wote, ama utangaze kwamba umechoka, unaniachia kiti. Ukiniachia kiti, sijakuona."

"Na bekari?"

"Jina la Mavroneri ni la chama, kumbare. Litahamia kwa mwanangu."

Mwanawe amefungua duka la mikate mtaa wa pili kutoka kwangu. Mikate yake inakuja imeganda kwenye lori la barafu. Mkate wa Mavroneri, umeganda! Damu ilinipanda.

"Na mimi nitawaambia nilikuona wewe! Na madumu yako!"

"Utasema nini? Nani atakuelewa?" Akafunga kifuniko cha mafuta taratibu. "Huna meno."

Wasomaji wangu, alisema kweli. Nilikuwa na siku nne.

Nyumbani nilimwambia Maroulla kwamba daktari wa Limasoli amekosa vifaa. Alinitazama kwa muda. Sijui kwa nini alitazama viatu vyangu pia. "Limasoli ni mbali," akasema, akaniwekea uji.

Alhamisi alikwenda kwa dada yake Larnaka, kama aendavyo kila Alhamisi. Nikabaki na njaa. Kabatini nikakuta chupa ya jozi za sukari alizoletewa na dada huyo wiki iliyotangulia. Nikanyonya moja. Karafuu mbili, lozi katikati. Nikawaza, kumbe wanawake wa kisiwa kizima wanapika namna moja, na mimi ni mjinga niliyelia bure. Nikanyonya zote.

Ijumaa nilimwomba Kudret anipeleke tena. Akasema daktari amekwenda Istanbul kwenye mkutano wa madaktari, zahanati imefungwa. Jumamosi nilijaribu kusema hotuba mbele ya kioo. Neno "uhuru" lilitoka vizuri. Mengine yote yalikuwa mvua.

Jumapili ikafika. Ukumbi wa kanisa ulijaa, watu mia tatu, feni zinazungusha joto, wanawake wanajipepea kwa ratiba ya ibada. Maroulla mstari wa mbele, gauni jeusi, mkoba magotini. Foivos kando ya jukwaa, suti mpya. Padri alimaliza dua, tukaimba, kisha Foivos akanikabidhi bahasha kwa mikono miwili kama anayenipa zawadi.

"Orodha, Bwana Mwenyekiti," akasema kwenye kipaza sauti. "Kwa desturi aliyotuwekea mwenyewe."

Nikafungua. Majina kumi na mawili. La kumi na mbili, kwa mwandiko mzuri wa Foivos: Loizos, mwoka mikate.

Nililiwaza duka. Miaka arobaini ya kuamka saa nane za usiku. Nikawaza lori la barafu likisimama chini ya kibao changu. Na zaidi ya yote niliwaza Maroulla akisikia jina lile kwa sauti yangu mwenyewe, yeye niliyemkataza kuvuka hata kwenda kuona kaburi la mama yake kule Mavroneri, kwa miaka kumi na tisa, nikamwambia kiapo cha mume ni kiapo cha nyumba. Aliwahi kuniomba mara moja tu. Nilimpigia hotuba.

Nikakohoa. Nikakikaribia kipaza sauti, nikatamka maneno ya kwanza ya hotuba. Watu wa mbele wakajifuta mate.

"Hatusikii!" akapaza mtu wa nyuma.

"Mwenyekiti amechoka," akasema Foivos kwa huruma ya bandia. "Labda ana tangazo?"

Ndipo mlango mkubwa ukafunguliwa.

Akaingia Kudret kwa nguo za kazi, amemshika mkono bibi mmoja mwenye kitambaa cheupe kichwani. Bibi alikuwa na fremu ya picha kwapani na ndoo ndogo ya plastiki ya jibini mkononi, ile ya kuhifadhia halumi kwenye maji ya chumvi. Akatembea katikati ya ukumbi, taratibu, akisalimia kulia na kushoto kwa Kigiriki cha Pafo. Watu wakamwitikia kabla hawajajua ni nani. Hapana anayeweza kukataa salamu ya bibi wa aina ile.

Alifika chini ya jukwaa, akainua ndoo.

"Loizos, mwanangu," akasema, "umesahau meno nyumbani."

Watu mia tatu walinyoosha shingo kuitazama ndoo.

"Nyumbani wapi?" akauliza mtu.

"Kwao," akasema Bi Emine, akishangaa swali. "Mavroneri."

Hakusema Karasu. Alisema Mavroneri, kama mtu anayetaja jina la mtoto wa jirani. Nimesimama jukwaani pale miaka kumi na tisa nikidai dunia nzima itamke sentensi ile: kwamba nyumbani kwangu ni Mavroneri na hapana anayebisha. Sasa imetamkwa, na aliyeitamka ana meno yangu ndani ya ndoo ya jibini. Nilitaka kucheka na nilitaka kupiga kelele, na ufizi wangu haukuweza lolote kati ya hayo.

Foivos akaruka kama aliyekaa kwenye jiko. "Mmesikia wenyewe! Mwenyekiti amevuka! Ushahidi umejileta na ndoo!"

Ukumbi ukachafuka. Mmoja anasema aibu, mwingine anauliza daktari ni yupi na anachukua kiasi gani. Padri akaomba utulivu. Na katikati ya vurugu ile, kwenye mstari wa mbele, Maroulla wangu akasimama, akaweka mkoba begani, akamwendea Bi Emine, akambusu mashavu yote mawili.

"Shangazi Emine, jamani," akasema kwa sauti ya kumlaumu mtu unayemjua sana. "Na miguu yako hiyo! Si nilikwambia juzi mwache kwanza ashike adabu, nitayafuata mwenyewe Alhamisi ijayo?"

"Na atakula nini mpaka Alhamisi?" akajibu Bi Emine. "Zile jozi nilizokupa zimebaki?"

"Amezimaliza zote."

Kila Alhamisi. Dada yake wa Larnaka. Karafuu mbili, lozi katikati. *Mimi nimefundisha.* Miaka mingapi, Maroulla? Nilimtazama nikisubiri ashushe macho. Hakushusha. Mimi ndiye niliyeshusha.

Foivos hakungoja niyainue. Alipanda jukwaani, akachomoa kalamu, akaniwekea mkononi.

"Desturi ni desturi, kumbare," akasema kwenye kipaza sauti, kila mtu asikie. "Wamekuwa kumi na watatu. Mwandike mkeo, kisha usome wote."

Karatasi ilikuwa na majina kumi na mawili, na nafasi nyeupe chini yake. Mfukoni mwangu, kimekunjwa mara nne, kilikuwemo kipande cha mfuko wa unga chenye jina moja tu, la Foivos.

Maroulla akachukua ndoo, akafungua kifuniko, akainua meno yangu kutoka kwenye maji, akayakung'uta, akaninyooshea.

"Vaa," akasema. "Wakusikie vizuri. Ukitaka, anza na mimi."

Nikayavaa mbele ya watu mia tatu. Yalikaa mahali pake sawasawa, na yalikuwa na chumvi ya jibini. Nikaweka karatasi ya Foivos upande huu wa kipaza sauti, na mfuko wa unga upande wa pili. Kisha nikasoma jina la kwanza, langu mwenyewe, na hapana mtu ukumbini aliyesema hakusikia.